Doksorubisini iliyofungwa ndani ya mafuta: mizunguko minne na dada yangu

Haya nawaandikia watu wa kwetu ambao daktari ameshawaandikia dawa hii ya saratani, wamerudi nyumbani na karatasi mkononi, na sasa wamekaa barazani wanaulizana wauze nini. Sisi tulikaa hivyo mwezi wa pili. Tangu hapo dada yangu ameshatiwa mizunguko minne, na yote minne nilikuwepo kando ya kitanda na daftari langu la hesabu za sabuni. Niliandika saa, niliandika kipimo, niliandika alivyosema mwenyewe. Ninayoyaeleza yametoka humo.

Mimi natengeneza sabuni za mwani Bwejuu, Unguja. Dada yangu, amenipita miaka tisa, anakaa Konde, Pemba, na tangu usichana wake kazi yake ni ukili. Anasuka misala ya kuswalia, mikeka ya kulalia, makawa, vipepeo. Ukindu anauchemsha rangi mwenyewe, anauanika mwenyewe, na kidole gumba chake cha kulia kimetengeneza sugu ambayo sisi tukiwa watoto tulikuwa tukiigusa kujua kama amekasirika. Mikono hiyo ishikeni, kwa sababu sehemu kubwa ya maoni yangu juu ya dawa hii imo humo.

Ugonjwa wenyewe ni saratani ya vifuko vya mayai. Tumbo lilijaa polepole, tukasema ni gesi, tukasema ni umri. Ilipokuja kujulikana alikuwa ameshafika mbali. Alipasuliwa Dar es Salaam, akapewa mizunguko sita ya dawa mbili za saratani, paklitakseli na kaboplatini, akapumua. Miezi mitano baadaye tumbo likaanza tena. Daktari akatwambia kaboplatini imeshazoewa na ugonjwa, sasa tuhamie kwenye doksorubisini ya liposomu, peke yake, kila baada ya wiki nne. Kabla ya kuanza akataka eko, kile kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, kwa kuwa dada ana presha ya siku nyingi.

Kwanza niseme dawa ni ipi, maana jina linachanganya, na kuchanganya hapa kunaua. Doksorubisini ya kawaida ni dawa kongwe ya miaka ya sitini, iliyotokana na vijidudu vya udongo wa Italia. Ni nyekundu, na waliotibiwa saratani ya matiti wanaijua vizuri kwa rangi hiyo. Hii ya liposomu ni doksorubisini ile ile, lakini imetiwa ndani ya vifuko vidogo mno vya mafuta. Marekani inaitwa Doxil, Ulaya inaitwa Caelyx, na yetu ilitengenezwa India. Chupa moja ina miligramu 20 ndani ya mililita 10. Vipimo vyake si sawa na vya ile ya kawaida, wala huwezi kuondoa moja ukaweka nyingine kwa kuwa miligramu zimelingana. Akitokea muuzaji akakwambia "zote ni doksorubisini, chukua hii ni rahisi", mshukuru, ondoka, mpigie simu daktari wako. Sisi tuliambiwa maneno hayo hayo na duka moja la dawa. Tena kijana aliyetwambia alikuwa na uso wa huruma, anaamini anatusaidia.

Ukiweka chupa mbili sambamba utaona tofauti kwa macho. Ile ya kawaida ni nyekundu inayopitisha mwanga, kama kioo cha taa. Hii ni nyekundu yenye ukungu, kama sharubati iliyodondoshewa tui. Nilipoiona mara ya kwanza niliigeuza mbele ya dirisha, nikajua mle ndani mna chembe za mafuta, kwa sababu ukungu ule nauona kila wiki kwenye sufuria yangu. Mfamasia wa hospitali aliponiona naitazama hivyo akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia sabuni, akavuta kiti akanieleza kwa lugha yangu. Ndiyo sababu naweza kuwaeleza na nyinyi.

Sabuni inafanya kazi kwa sababu kila chembe yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Ukiitia majini, mikia inajificha katikati na vichwa vinabaki nje, unapata kijidonge kilichojaa mikia. Uchafu wa mafuta unaingia mle katikati, unachukuliwa na maji, nguo inatakata. Sasa kuna mafuta ya aina nyingine, fosfolipidi, ambayo kila chembe ina kichwa kimoja na mikia miwili. Mikia miwili imenenepa, haikubali kubanana ndani ya kijidonge. Basi chembe zinajipanga safu mbili, mikia kwa mikia, zinakuwa kama ukuta, na ukuta ule unajikunja mpaka unajifunga wenyewe. Unapata kifuko, ndani maji, nje maji, katikati ukuta wa mafuta. Hicho ndicho kinachoitwa liposomu. Mwingereza Alec Bangham ndiye aliyeviona vifuko hivi, miaka ya sitini mwanzoni, huko Babraham karibu na Cambridge, akichunguza mafuta ya kiini cha yai. Mkia mmoja zaidi, na sabuni inageuka kuwa chombo cha kubebea dawa. Mimi nimekaa na sufuria miaka kumi na moja na sikuwahi kuliwaza hilo. Usiku ule kwenye nyumba ya wageni Kariakoo sikulala upesi.

Mafuta ya dawa hii yanatokana na soya, lakini yamefanyiwa kazi ya kiwandani ile inayofanya mafuta ya maji yagande kama siagi ya kopo. Wale mnaotumia mafuta ya nazi mnajua: Julai, usiku kukiwa na baridi ya kusi, chupa inaganda, jua likipanda inayeyuka. Kifuko kikitengenezwa kwa mafuta mepesi namna ile, kikiingia kwenye joto la mwili kitalegea na kumwaga dawa njiani. Kwa hiyo wamechukua mafuta ambayo hayalegei kwa joto la damu, wakatia kolesteroli kukaza ukuta. Nje wakakivisha nyuzi za polietilini glaikoli, ambazo zinashika maji na kukizunguka kifuko, ili walinzi wa ini na bandama wasikitambue haraka wakakimeza. Kila kifuko kina upana wa nanomita 100 hivi, na katika upana wa unywele mmoja vifuko mia nane, pengine elfu, vinajipanga bila taabu. Ndani ya kifuko kimoja mna chembe za dawa zipatazo 15,000, zimegandamana kama fuwele. Matokeo yake, dawa inazunguka kwenye damu siku kadhaa badala ya kutawanyika mwilini mara moja.

Kwa nini wakajisumbua hivyo? Kwa sababu ya moyo. Doksorubisini ya kawaida inaudhoofisha moyo, na madhara yanalimbikizana. Kuna kiwango cha maisha ambacho daktari hataki ukikaribie, kati ya miligramu 450 na 550 kwa kila mita ya mraba ya eneo la nje la mwili. Mishipa midogo ya moyo wenye afya imeshikana vizuri, kifuko cha mafuta hakipenyi. Mishipa ya uvimbe wa saratani hujengwa kwa haraka, kama ukuta wa mawe uliopigwa bila chokaa ya kutosha, ina nyufa. Kifuko kinapenya pale, kinakaa, kinaachia dawa. Wajapani Matsumura na Maeda ndio walioliandika jambo hili mwaka 1986. Mfamasia hakunificha kwamba kwa binadamu jambo hili halikutoka na nguvu kama lilivyotoka kwa panya, na kwamba linatofautiana mtu na mtu. Nilimheshimu zaidi kwa kunambia hivyo.

Kuivumbua haikuwa kazi ya mwaka mmoja. Yechezkel Barenholz na Alberto Gabizon, wa Jerusalem, ndio waliohangaika nayo mpaka ikapata kibali Marekani mwezi wa Novemba 1995, kwanza kwa saratani ya ngozi ya Kaposi kwa watu wenye virusi vya UKIMWI, kisha mwaka 1999 kwa saratani ya vifuko vya mayai. Tangu hapo ufundi wa kubebea dawa kwa mafuta umeenea. Chanjo za UVIKO za Pfizer na Moderna nazo zilibebwa ndani ya vijidonge vya mafuta, ingawa vya namna nyingine.

Sasa mzunguko wa kwanza. Dada ana mwili mdogo, mita ya mraba moja na nusu. Daktari aliandika miligramu 40 kwa kila mita, jumla 60, kwa hiyo chupa tatu kamili. Wakaichanganya kwenye chupa ya mililita 250 ya maji ya sukari, dekstrozi asilimia 5. Maji ya chumvi hayaruhusiwi kwa dawa hii, wala chujio la kwenye mrija. Muuguzi akaifungua polepole sana, akavuta kiti akakaa. Nilishangaa kwa nini anakaa, wagonjwa walikuwa wengi.

Dakika ya saba kwa saa yangu, dada akanishika mkono. Uso ulikuwa umeiva, mwekundu mpaka masikioni, akasema mgongo unamkata na kifua kimebana. Muuguzi alikuwa ameshaufunga mrija kabla sijamaliza kuinuka. "Mama, pole, ni dawa, itapita sasa hivi. Pumua nami." Dada akamjibu, "Mwanangu, usiniache." Hakumwacha. Dakika kumi na tano baadaye uso umerudi, mgongo umeachia, wakaianza tena kwa mwendo mdogo zaidi, na safari hii ikaingia yote bila neno. Mizunguko iliyofuata haikumtokea tena. Jambo hili linajulikana kwa dawa hii, hutokea zaidi mara ya kwanza, na dawa yake kubwa ni kufunga mrija, kungoja, na kuanza polepole. Kwa hiyo mkiona muuguzi anawaharakisha mzunguko wa kwanza, mwambieni kwa adabu kwamba hamna haraka.

Wale waliopita kwenye paklitakseli watauliza, si yale yale? Na mimi nilidhani hivyo. Paklitakseli haikubali maji, kwa hiyo huyeyushwa ndani ya mafuta ya nyonyo yaliyofanyiwa kazi kiwandani, pamoja na spiriti. Mafuta yale yenyewe ndiyo yanayochangia sana mzio, ndiyo maana kabla ya paklitakseli dada alikuwa akipewa vidonge na sindano za kuzuia, na usiku wake halali kwa sababu ya hizo za kuzuia. Hapa mafuta yana kazi nyingine kabisa. Yale ya nyonyo yalikuwa maji ya kuyeyushia tu, dawa ikifika mwilini yanaachana nayo. Haya ya liposomu ni gari, yanasafiri na dawa mpaka inapoteremka. Ukinilazimisha nichague kwa namna dada alivyokuwa siku ile na kesho yake, nachagua gari. Alikula ubwabwa na mchuzi wa changu usiku ule ule. Kwenye paklitakseli harufu ya samaki tu ilikuwa inamtoa chumbani.

Jambo moja hatukuambiwa, nami nawaambia nyinyi. Usiku wa kwanza mkojo hutoka mwekundu wa chungwa. Dada aliuona saa tisa usiku, akaniamsha analia, kaamini ni damu. Na hofu yake haikuwa ya ugonjwa tu, alikuwa anawaza udhu na sala ya alfajiri. Ni rangi ya dawa, si damu, na inaondoka kwa siku mbili. Neno moja tu kutoka kwa waliomruhusu lingemwondolea usiku ule.

Nywele. Zile za kwanza zilimwisha na paklitakseli, na zilikuwa zimeota upya vidole viwili, laini kama za mtoto. Alikuwa na hakika zitanyonyoka tena. Hazikunyonyoka. Mnaweza kusema mwanamke wa Konde anatoka na ushungi, nani ataona. Yeye anajiona. Mwezi wa tano kulikuwa na harusi ya mtoto wa kaka yetu, na chumbani kwa wanawake alivua ushungi akatiwa mafuta ya mkilua na wenziwe. Niliingia nikamkuta anacheka.

Moyo pia. Eko ya pili, baada ya mzunguko wa tatu, ilitoka sawasawa na ya kwanza. Kwa mtu mwenye presha hilo si dogo.

Basi mikono.

Vifuko hivi vinavyokaa siku nyingi kwenye damu vinatafuta pa kupenyea, na zaidi ya uvimbe kuna mahali pengine pa kupenya, viganja na nyayo, pale ngozi inapobanwa, inaposuguliwa, inapopata moto. Vijishipa vya pale vikiminywa vinavujisha. Dawa inabaki mle na kuunguza kutoka ndani. Kuna utafiti uliotolewa mwaka 2004 wa wanawake 509 wenye saratani ya matiti iliyosambaa, nusu wakapewa doksorubisini ya kawaida, nusu hii ya liposomu. Katika kuuzuia ugonjwa zililingana. Nywele ziliwatoka asilimia 66 kwa ile ya kawaida, asilimia 20 kwa hii. Kutapika 31 kwa 19. Moyo ulisalimika zaidi kwa hii. Lakini viganja na nyayo ni asilimia 2 kwa ile ya kawaida na asilimia 48 kwa hii. Zisomeni namba hizo mbili za mwisho tena. Karibu nusu ya wanawake. Na wao walipewa miligramu 50 kwa mita, zaidi ya dada.

Daktari alitwambia, sitasema hakutwambia. Alisema "mikono inaweza kuwa myekundu kidogo, epuka maji ya moto." Kwa mtu wa ofisini maneno hayo yanatosha pengine. Kwa msuka ukili hayatoshi, na hakuna aliyemuuliza dada anaishi kwa kazi gani. Kwenye faili lake pameandikwa "mama wa nyumbani".

Baada ya mzunguko wa pili alirudi Konde anajisikia mzima kuliko alivyokuwa mwaka mzima. Alikuwa na oda ya misala minne ya watu wa Wete. Akachemsha rangi, akachambua ukindu, akakaa chini kusuka saa tano kwa siku. Wiki ya tatu vidole vikaanza kuwashawasha kama vilivyogusa upupu. Akaendelea. Akaenda mzunguko wa tatu bila kusema, anaogopa dawa itasimamishwa. Siku kumi na mbili baada ya hapo binti yake alinipigia simu ya picha. Viganja vilikuwa vyekundu kama vilivyotiwa hina usiku ule, vimevimba hata mistari ya kiganja haionekani, na kwenye kidole gumba, chini ya ile sugu, ngozi imejiinua lengelenge la maji. Hakuweza kumenya ndizi. Hakuweza kufunga kifungo. Alikuwa akitawadha binti yake akimmiminia maji, na pale pa kupitisha vidole kati ya vidole alikuwa analia kwa sauti. Nyayo afadhali kidogo, lakini alitembea kwa kisigino.

Akaniambia, "Afadhali zitoke nywele zote na nyusi juu yake, kuliko vidole." Niliandika kwenye daftari kama alivyosema.

Mzunguko wa nne uliahirishwa wiki mbili, kisha ukashushwa, miligramu 30 badala ya 40 kwa kila mita. Safari hii muuguzi alimshikisha barafu iliyofungwa kwenye kanga muda wote dripu inaingia, akambadilishia ikiyeyuka. Tulijipanga nyumbani pia, na hapa nasema tulichofanya sisi baada ya kuulizana na daktari. Maji ya baridi tu, kuoga na kutawadha, siku tano za kwanza khasa. Jiko, vyombo na mbuzi ya nazi vikahamia kwa binti. Makubadhi mapana, hakuna kiatu cha kubana. Krimu yenye yurea asubuhi na usiku, ya kupaka bila kusugua. Sabuni zangu mwenyewe nilizimwondolea bafuni, maana sabuni ya magadi haina urafiki na ngozi iliyopasuka, hata ikitiwa mafuta ya nazi kiasi gani. Ukindu ukafungwa juu ya dari. Mikono ilipata wekundu, haikupasuka.

Sasa bei na ubebaji, maana huko ndiko watu wanakoumizwa.

Bei ni kubwa, mara nyingi zaidi ya ile ya kawaida. Nilipiga hesabu kwa sabuni: chupa moja ilikuwa vipande themanini, na chupa ni tatu kila mwezi. Kipimo kiliposhushwa nilidhani bei itashuka, lakini miligramu 45 haziingii kwenye chupa mbili za 20. Inabidi ufungue ya tatu na robo tatu yake ibaki, na ikishafunguliwa haiwekwi. Mfamasia wa hospitali ndiye aliyetuokoa: alimpanga mgonjwa mwingine siku ile ile, chumba kile kile cha kuchanganyia, na familia mbili tukagawana chupa ile ya tatu. Muulizeni mfamasia wenu kama anaweza. Muulizeni mapema, kabla hamjanunua.

Dawa inakaa kwenye baridi, nyuzi 2 hadi 8, na isigande hata kidogo. Ikiganda ukuta wa kifuko unaweza kuharibika, na huwezi kulijua hilo kwa macho. Duka moja, sitalitaja, lilinikabidhi chupa tatu ndani ya bahasha ya karatasi. Nilizishika, zilikuwa na uvuguvugu wa mkono. Nikauliza zimetoka friji gani. Wakanionesha rafu. Nilizirudisha, tukagombana, nikakaa pale saa mbili mpaka meneja akaja akanirudishia fedha. Nilikuwa natetemeka, kwa sababu mzunguko ulikuwa kesho yake na sikuwa na pengine pa kwenda. Tulipata duka jingine jioni, ghali zaidi, lakini walifungua friji mbele yangu na kipimajoto ndani kinasoma nyuzi 5.

Tangu hapo nakwenda na sanduku la barafu. Barafu chini, juu yake taulo lililokunjwa mara nne, kisha chupa ndani ya boksi lake, kisha taulo jingine. Chupa zisiguse barafu. Natia kipimajoto kidogo cha friji, nakisoma nikipanda boti na nikishuka. Boti ya asubuhi kutoka bandari ya Malindi, Unguja, mpaka Dar ni kama saa mbili, na pale chini ya viti hapana jua. Wanaotaka kununua mapema na kuhifadhi nyumbani, umeme wetu mnaujua. Mimi naliachia duka lenye jenereta mpaka siku ya safari.

Mwatutaka nyota? Dawa yenyewe naipa nne. Nyota ya tano imebaki kwenye viganja vya dada yangu. Alama ya damu wanayoipima kwa ugonjwa huu, CA-125, ilikuwa 612 tulipoanza, na wiki iliyopita ilikuwa 188. Ya mtu asiye na ugonjwa kwa kawaida ni chini ya 35, kwa hiyo safari bado. Tumbo limeshuka, anavaa dera lake la Idi iliyopita. Namna tulivyoelezwa naipa mbili, na zote mbili ni za yule mfamasia na muuguzi aliyevuta kiti.

Mkienda kwa daktari, kabla hajaandika, mwambieni mgonjwa anafanya kazi gani kwa mikono yake. Msuka ukili, mpika maandazi, mkulima wa mwani, mchonga milango, mpaka hina, mwuguzi, fundi cherehani. Mwambieni aandike kwenye faili. Sisi tumelifuta lile neno "mama wa nyumbani", kwa kalamu, mbele yake, naye akaandika "msuka mikeka" kwa mkono wake.

Mzunguko wa tano ni Jumanne. Sanduku nimeshaliazima kwa muuza pweza wa hapa kwetu, nimelikosha mara tatu na liko wazi uani linatoka harufu. Jana dada alipiga simu, anataka nimpelekee ukindu laini wa Makunduchi, japo fungu moja, ati asuke kawa dogo taratibu akingojea dripu. Nimemwambia angoje wiki mbili baada ya dawa, tuvione vidole kwanza. Amenuna, amekata simu. Ukindu nimeununua, nimeuweka.